Maswali na Majibu: Ari ya kazi kwa mtu mwepesi wa kuhisi

Barua tulizochagua kwa toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi tofauti, lakini zote zinauliza jambo moja: mtu anayechoshwa upesi na kelele, lawama na haraka za watu atawezaje kuendelea na kazi anayoipenda bila kukata tamaa katikati. Majina ya walioandika tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Kila muhula ninauanza kwa nguvu: maandalio ya somo ninayaandika wiki kadhaa mapema, zana za kufundishia ninazichora mwenyewe, na madaftari ya wanafunzi ninayasahihisha siku ileile. Ikifika katikati ya muhula hali hugeuka. Darasa langu lina wanafunzi 80, kelele za mkondo wa jirani hupenya ukutani, na ofisi ya walimu ni chumba kimoja ambamo mazungumzo na milio ya simu havikomi. Jioni nikifika nyumbani sitaki hata kuulizwa nitakula nini. Neno moja la mwalimu wa taaluma kuhusu matokeo ya mtihani hunikosesha usingizi, ilhali wenzangu waliosemwa pamoja nami huwa wameshasahau kabla ya chai ya saa nne. Nimehudhuria semina za kuhamasishana na nimesikiliza wasemaji wengi kwenye simu. Ari hurudi kwa wiki moja, kisha huzimika. Hivi karibuni nilisoma kwamba wapo watu walioumbwa wakiwa wepesi wa kuhisi kuliko wengine. Je, ni kweli, au hilo ni jina la heshima la uvivu? Na kama ni kweli, mtu wa namna hiyo ataipata wapi ari isiyokwisha?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu nadhani ndilo linalokuuma zaidi. Ulichokisoma ni kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alikiandikia kitabu mwaka 1996, na mwaka uliofuata yeye na mumewe Arthur Aron wakachapisha katika jarida la kitaalamu mfululizo wa tafiti pamoja na dodoso la maswali 27 ambalo watafiti wanalitumia hadi leo. Walichokieleza ni hulka, si ugonjwa: wapo watu ambao akili zao huchambua kwa kina zaidi kila wanachokiona na kukisikia, hutambua mabadiliko madogo ambayo wengine hawayaoni, huguswa sana na furaha na huzuni, na kwa sababu hiyohiyo hulemewa mapema pale mambo yanapokuwa mengi kwa wakati mmoja. Aron alikadiria kwamba watu hao ni kama mmoja kati ya watano. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa watu katika makundi matatu na kuweka kiasi cha asilimia 31 katika kundi la juu. Utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu katika jambo hili hutokana na urithi, na sehemu iliyobaki hutokana na mazingira. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mtu huwa hivi kwa kudekezwa na mama yake wanasema jambo ambalo hawajalichunguza.

Niongeze tahadhari moja, maana siku hizi hulka hii imegeuzwa kuwa cheo mitandaoni, na wengine wanajitambulisha kwayo kama mtu anayetaja shahada yake. Dodoso hilo mtu hulijaza mwenyewe kuhusu nafsi yake, na majibu yake huenda sambamba kwa kiasi fulani na wasiwasi wa kawaida, hata mtu ambaye shida yake hasa ni wasiwasi anaweza kupata alama za juu. Litumie kukusaidia kuichunguza siku yako inavyokwenda, usilifanye hukumu.

Ama uvivu, barua yako yenyewe inaukanusha. Mvivu haandiki maandalio ya somo wiki kadhaa mapema, wala hachori ramani ya misafara ya Kilwa kwa kalamu za rangi alizozinunua kwa fedha yake. Tatizo lako ninaliona mahali ambapo wewe unajisifu, yaani mwanzoni mwa muhula. Unaanza kwa kasi ambayo hakuna mtu wa hulka yako anayeweza kuidumisha, kisha ikipungua unahesabu kupungua huko kuwa kosa la tabia, na lawama unayojipa inakula nguvu kidogo uliyokuwa umebaki nayo.

Hapo ndipo semina zinapokudhuru badala ya kukusaidia, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 1908 watafiti wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya na kuona kwamba msisimko unapoongezeka, utendaji huboreka hadi kiwango fulani, kisha huanza kushuka. Tena kazi ikiwa ngumu, kushuka huko huanza mapema zaidi. Wanasaikolojia waliokuja baadaye waliliangalia jambo hilohilo kwa binadamu, na ingawa mchoro wake si sahihi kwa kila hali, kwa mtu kama wewe unaeleza mengi. Msemaji wa semina anapopaza sauti, anapowasimamisha watu wapige makofi na kuwaambia hakuna lisilowezekana, anaongeza msisimko. Kwa mtu aliyepoa hilo linaweza kumfaa. Wewe hukupoa, umefurika tangu kengele ya asubuhi, na kinachomiminwa juu yako katika semina hiyo kinawaka kama moto wa mabua, na wiki ikiisha unajikuta umechoka kuliko ulivyokuwa kabla hujaenda. Fedha ya nauli ya semina ijayo itumie kwa jambo jingine.

Sasa tuangalie ni nini hasa kinachokusukuma. Mwaka 1971 Edward Deci, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mchezo wa kupanga vipande ambao wao wenyewe waliupenda. Baadhi yao waliwekewa malipo kwa kila walichokipanga vizuri. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wakilipwa walitumia muda mchache zaidi kuucheza kwa hiari yao. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata, Deci na mwenzake Richard Ryan walifikia hoja kwamba ari inayodumu hulishwa na mambo matatu: mtu kuhisi kwamba amechagua analolifanya, kuona kwamba analiweza, na kuwa na uhusiano mwema na watu anaolifanya pamoja nao au kwa ajili yao. Watu wepesi wa kuhisi huathirika zaidi hapa, kwa sababu wanaisoma haraka sana sura ya mkubwa wao, na kabla hawajajua wanafanya kazi ili sura hiyo isikunjamane. Hofu ya lawama ni msukumo wenye nguvu kweli. Huleta madaftari yaliyosahihishwa na ripoti zilizowahi. Gharama yake ni kwamba mtu hapumziki hata akiwa kitandani, maana anayemwogopa amemfuata hadi huko.

Ningependa ufanye zoezi moja. Andika kazi zako zote za wiki, na mbele ya kila kazi jiulize: kama asingekuwapo wa kuikagua, je, ningeifanya, na kwa kiasi gani? Nadhani ramani ungeichora. Nadhani hadithi ya Kinjekitile ungeisimulia kwa moyo uleule. Lakini kusahihisha madaftari 80 siku ileile? Ukitumia dakika 3 kwa kila daftari, hizo ni saa 4, na ukiwa na mikondo miwili ni saa 8, sawa na siku nzima nyingine ya kazi juu ya ile uliyokwisha kuifanya. Hakuna ari inayoishinda hesabu hiyo. Wagawe wanafunzi katika makundi manne na usahihishe kwa kina kundi moja kila wiki. Mazoezi ya majibu mafupi wabadilishane madaftari na wasahihishane darasani ukiwaongoza. Na katika insha tangaza mapema kwamba wiki hii unaangalia aya tu, wiki ijayo viunganishi. Mwanafunzi anafaidika zaidi na sahihisho moja aliloelewa kuliko wino mwekundu uliotapakaa ukurasa mzima.

Mengine ni mpangilio wa siku. Kundi la WhatsApp la walimu linyamazishe, ulifungue mchana na jioni basi. La dharura watakupigia. Muda ambao huna kipindi tafuta darasa tupu au kona ya maktaba ukafanyie kazi huko, na kama wenzako watakuona unajitenga, waambie mapema kwamba unasahihisha, kisha kunywa nao chai kwa moyo mmoja. Kati ya shule na nyumbani weka nusu saa isiyo na mtu wala simu, hata kama ni kwa kushuka kituo kimoja kabla ya chako na kutembea. Wa nyumbani waambie kwamba nusu saa hiyo ni yao pia, kwa sababu ndiyo itakayokuwezesha kuwasikiliza. Ama mwalimu wa taaluma, mwendee siku ambayo hakuna ugomvi na umwombe kwamba maoni yake juu ya matokeo akupe kwa maandishi, au mkae siku moja maalumu baada ya mtihani. Maoni yenye siku yake huumiza kidogo kuliko yale yanayoweza kuanguka wakati wowote, kwa kuwa unakuwa huyangoji kila saa.

Na muhula ujao, wiki mbili za mwanzo, fanya theluthi mbili tu ya kile ambacho mwili wako utakuambia unakiweza. Utaona vigumu. Watu wa hulka yetu, na mimi nimo, hujiona wezi wanapobakiza nguvu.

Umeuliza juu ya ari isiyokwisha. Sijamwona mtu aliyenayo. Anayeonekana kuwa nayo ana mazoea yanayombeba siku ambazo ari haipo. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London (UCL), watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kulifanya kila siku, na muda uliokadiriwa wa jambo hilo kuwa mazoea ulikuwa kati ya siku 18 na siku 254, na wastani wake siku 66. Jambo walilolibaini ambalo ningependa ulikariri ni kwamba kukosa siku moja hakukuathiri sana kujengeka kwa mazoea. Wewe unapokosa siku moja huona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayokukosesha siku ya pili na ya tatu.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Majengo, Mombasa. Kazi hii naipenda toka utotoni. Ila mteja mmoja akirudisha nguo, hata kwa kosa dogo la pindo, nashindwa kugusa cherehani siku mbili tatu, na kazi za watu wengine zalala. Kuna mteja alinikemea mbele ya watu kwa sababu ya gauni la harusi, na tangu hapo sijapokea kazi ya harusi tena, ambazo ndizo zenye faida. Mume wangu aniambia nijitie uziwi, nifanye moyo jiwe. Nimejaribu, siwezi. Nifanyeje ili nisikate tamaa ya kazi?

Fundi, Mombasa

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Shemeji ana nia njema, lakini ushauri wake usiufuate. Jicho linalokufanya uumie ni lilelile linaloona mshono wa bega unavuta kabla mteja hajavaa, na rangi ya uzi ambayo imepishana kidogo na kitambaa. Ukiliziba upande mmoja utakuwa umeliziba na upande wa pili. Mwaka 2014 Bianca Acevedo, Elaine Aron na wenzao walichunguza kwa mashine ubongo wa watu 18 walipokuwa wakitazama picha za nyuso, nyingine zenye furaha na nyingine zenye huzuni, za wenzi wao na za watu wasiowajua. Waliokuwa na alama za juu za wepesi wa kuhisi walionyesha utendaji mkubwa zaidi katika sehemu za ubongo zinazohusika na umakini na kuwahurumia wengine, na furaha nayo iliwagusa. Maana yake kwako ni kwamba sifa ya mteja nayo hukuingia kuliko inavyowaingia wengine. Tatizo ni kwamba mteja aliyeridhika huvaa nguo yake akaenda zake, na anayerudi kuzungumza ni yule mwenye malalamiko. Basi mfuate wewe yule aliyeridhika. Akija kuchukua nguo, mwombe aivae palepale, mtazame pamoja kwenye kioo, umuulize ni nini kimempendeza, na jibu lake uliandike katika daftari la vipimo karibu na jina lake. Siku ya lawama utakuwa na kitu cha kusoma kilichoandikwa na mkono wako mwenyewe.

Lawama nayo ibadilishie wakati. Sasa hivi unaipata mara moja, yote, nguo ikiwa imekwisha, mbele ya watu. Kwa kazi yoyote kubwa, na hasa ya harusi, mwite mteja ajaribu nguo ikiwa imepigwa bandi tu, kisha tena kabla ya kupiga pindo na kutia nakshi. Atasema kiuno kimebana au mkono ni mrefu, nawe utalipokea hilo kama kipimo cha kufanyia kazi, kwa sababu bado hujamaliza na hakuna aliyekosea. Muda wa majaribio hayo uhesabu katika bei. Mteja atakayekataa kulipia majaribio ya gauni la harusi usiichukue kazi yake.

Nguo ikirudi licha ya hayo, usikae ukijiuliza kama wewe ni fundi au si fundi. Iulize nguo: je, ni kipimo, ni mshono, au ni ladha ya mteja iliyobadilika baada ya kuona gauni la shoga yake? Kipimo na mshono ni vyako, na hufumuliwa vikarekebishwa. Ladha ni yake, na kuna malipo yake. Utashangaa ni mara ngapi lililokulaza macho lilikuwa ni la fungu hilo la tatu.

Kisha kuna zile siku mbili tatu za kutogusa cherehani, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazokugharimu kuliko mteja mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha katika tafiti nyingi, na muhtasari wake maarufu aliuchapisha mwaka 1999, kwamba nia ya jumla, kama vile "nitajikaza", husaidia kidogo, ilhali nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu husaidia zaidi: likitokea hili, nitafanya lile. Kwako iandike hivi na uibandike kibandani: nguo ikirudishwa, nitaipokea, nitaandika kasoro yake, nitaitundika, kisha nitapiga pindo moja la kazi ya mtu mwingine kabla sijainuka kwenye kiti. Pindo moja linatosha. Si lazima moyo uwe umetulia; mikono yako inajua kupiga pindo hata moyo ukiwa unadunda. Ile nguo iliyorudi utaigusa kesho, ukiwa na macho mapya.

Kazi za harusi zirudie polepole. Anza na nguo za watoto wanaomsindikiza bibi harusi, halafu nguo za mama na mashangazi, kwa familia unazozifahamu. Na majuma ya mwisho kabla ya Idi, ambapo kibanda hujaa watu na kila mmoja ana haraka, weka tarehe ya mwisho ya kupokea kazi na uitundike mlangoni kwa herufi kubwa. Makosa mengi ya mafundi hufanyika katika msongamano huo.

SWALI

Mshauri, mimi ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Nina karani mmoja ambaye hesabu zake hazina doa, na ndiye hugundua mapema bidhaa inapokaribia kuisha. Lakini katika mkutano wa Jumatatu, ambapo kila mtu hutangaza malengo yake mbele ya wenzake, yeye hubabaika, na nikisimama nyuma yake akiwa kwenye kompyuta hukosea mambo anayoyajua. Nilianzisha ubao wa mfanyakazi bora wa mwezi ili kumtia moyo. Ni kama amezidi kunyong'onyea. Nimpe motisha gani?

Msimamizi, Nakuru

JIBU

Ndugu Msimamizi, ondoka nyuma ya kiti chake. Sisemi kwa mzaha: dodoso la Aron lina swali linalohusu hasa mtu anayeshindana au kutazamwa akiwa kazini, akababaika kiasi cha kufanya vibaya kuliko uwezo wake. Ubao wako umeunganisha yote mawili, mashindano na kutazamwa, na umeyatundika ukutani.

Mfanyakazi wa namna hii anatoa faida kubwa akiwekwa mahali pazuri. Michael Pluess, mtafiti aliyelishughulikia sana jambo hili Uingereza, pamoja na Ilona Boniwell, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mafunzo ya kuwajengea ustahimilivu wasichana wa miaka 11 wanaoishi katika mtaa maskini. Mafunzo hayo yalipunguza dalili za sonona kwa wale waliokuwa wepesi wa kuhisi. Kwa waliokuwa wazito wa kuhisi hayakuonekana kuleta tofauti. Watu wepesi wa kuhisi huumizwa zaidi na mazingira mabaya, na pia huchota zaidi katika mazingira mema, jambo ambalo mabosi wengi hawalihesabu wanapotafuta nani wa kumpeleka kwenye mafunzo.

Malengo yake ayaandike na akupe Ijumaa, nanyi myajadili wawili. Kosa mwambie faraghani, kwa sauti ya kawaida, ukitaja tarakimu na tarehe. Utaratibu ukibadilika mjulishe siku moja kabla. Meza yake ihamishe mbali na mlango wa kupakulia mizigo, na umwachie saa moja ya asubuhi ambayo hakuna anayeruhusiwa kumkatiza kwa hesabu za papo kwa papo. Kisha mweleze kazi yake imeokoa nini: kwamba kwa sababu aligundua nondo zinakaribia kuisha, mafundi wa mteja fulani hawakukaa bure siku mbili. Hiyo itamsukuma kuliko picha yake ubaoni. Viwango vya kazi usivishushe, kwa kuwa ataona umemhurumia, naye ataumia. Wala usimwite ukamwambia kwamba umesoma gazetini kuwa yeye ni mwepesi wa kuhisi.

SWALI

Shikamoo. Nina miaka 24, ninasoma chuo Dar es Salaam. Nilijaza maswali mtandaoni nikaambiwa nina hulka ya wepesi wa kuhisi kwa kiwango cha juu. Tangu mwanzo wa muhula sina hamu ya kitu chochote. Kusoma hakunivutii, mpira niliokuwa nikiupenda siutazami, chakula nakula kwa kulazimishwa, na usiku naamka saa tisa nisilale tena. Nikiwa peke yangu katika utulivu hali ni ileile. Je, ni hulka hii ndiyo inayonimalizia ari, na nifanye mazoezi gani?

Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sikupi zoezi lolote, kwa sababu unayoyaeleza sidhani kama yanatokana na hulka. Mtu mwepesi wa kuhisi aliyechoshwa na kelele akipata utulivu hurudiwa na nafsi yake, na anachokipenda huendelea kukipenda hata akiwa hana nguvu za kukifanya. Wewe umesema kwamba utulivu haukusaidii na kwamba hata mpira umekutoka moyoni. Kukosa hamu ya mambo yote, usingizi kukatika alfajiri na chakula kutopita, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni dalili ambazo madaktari huziangalia wanapochunguza sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kuhisi na kuwa na sonona pia, lakini matibabu hufuata ugonjwa.

Wiki hii nenda kwenye zahanati ya chuo, au moja kwa moja katika idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, pamoja na mtu mmoja unayemwamini, awe ndugu au mwenzako wa chumbani. Usianze kwa kumwambia daktari habari za dodoso la mtandaoni. Mweleze ulivyonieleza mimi: hali ilianza lini, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, umepungua uzito au la, na kama kuna mtu wa familia yenu aliyewahi kuugua hivyo. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kwenda, kwa kuwa ukifika mbele yake unaweza kujikuta unasema hujambo. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au ya kutamani usiwepo, usingoje wiki: mwambie mtu usiku huuhuu na akupeleke hospitali iliyo karibu. Kuhusu mitihani, muulize mshauri wa wanafunzi utaratibu wa kuahirisha kwa sababu za kiafya, na uombe cheti cha daktari siku ileile utakayoonwa, kwa sababu kukifuatilia baadaye ni usumbufu.